Habari za Reli ya Wachina

Baadhi ya magazeti ya Magharibi yaliandika kwamba reli ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikuwa njia ya kupenyezea ukomunisti. Benki ya Dunia ilikwisha kataa kuigharimia. Wachina walijenga kilometa 1,860, mwaka 1970 hadi 1975, kwa mkopo usio na riba (neno hilo Mwislamu halipiti hivi hivi), wakaikabidhi 1976. Zaidi ya 60 miongoni mwao walifariki. Wengi wamezikwa Gongo la Mboto.

Mwaka 2022 kampuni za Kichina zilipewa kandarasi ya reli mpya, Tabora hadi Kigoma. Vijana wa Kipalapala wasiziamini upesi habari za London, wala za Beijing, ambako magazeti yako mikononi mwa serikali. Njia inapita karibu, waende wakajionee.