Mashini iliyokamatwa na kutu haijafa, isiuzwe kwa kilo

Baraka, Fizi – Familia inayorudi kijijini baada ya vita huangalia kwanza paa, kisha shamba, kisha mashini. Paa likiwa limekwenda, watu hukata majani na kuezeka. Shamba likiwa limegeuka pori, watu hufyeka. Lakini mashini ya kusaga au trekta ndogo ya mkono ikigoma kuzunguka kwa sababu ya kutu, wengi husema imekufa. Mnunuzi wa vyuma vikukuu anaitwa, anaipima, anaipakia, na mambo yanaishia hapo.

Haraka hiyo inaigharimu Fizi. Mwenye kununua kwa kilo hulipa bei ya chuma, halipi bei ya kazi. Mashini ya kusaga ikiondoka kijijini, mama ndiye anarudi kwenye kinu na mchi, au anabeba mihogo mikavu kichwani hadi kijiji kingine, katika njia ambazo usalama wake kila mtu anaujua. Trekta ndogo ikiondoka, familia inarudi kwa jembe, na shamba linalolimwa linapungua mwaka ambao midomo ya kulisha imeongezeka.

Kutu si kifo. Ni chuma kilichokutana na maji na hewa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ndani ya nyuzi za nati huvimba na kubana. Kando ya ziwa, ambako hewa ina unyevu na mvua hunyesha miezi mingi, mashini iliyoachwa bila kifuniko haikawii kukamatwa. Lakini mara nyingi chini ya ngozi ile nyekundu chuma bado ni kizima.

Ziwa Tanganyika lenyewe lina ushahidi. Meli ya Liemba, ambayo wazee wengi wa Fizi wanaijua, ilikuwa ya Wajerumani na iliitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916, waliposhindwa kuilinda Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashini zake grisi nene. Ilikaa chini ya maji miaka mingi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 meli hiyo hiyo ilikuwa ikiwarudisha wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma. Kama grisi iliokoa mashini zilizolala chini ya ziwa, mota iliyolala nyuma ya nyumba isihukumiwe kabla ya kujaribiwa.

Kinachoua mashini nyingi ni nguvu. Kijana anatia bomba refu kwenye spana, anaruka juu yake, kichwa cha bolti kinakatika, na sasa kazi ya siku 2 imekuwa ya kutoboa chuma. Mafundi wenye uzoefu hufanya vingine. Husafisha nyuzi kwa burashi ya waya. Humimina mazutu iliyochanganywa na mafuta kidogo ya mota, kwa sababu mafuta ya mota peke yake ni mazito na hayapenyi. Huacha usiku mzima, hurudia kesho na kesho kutwa, na hugonga kidogo kidogo ili mafuta yaingie. Kisha hutumia spana inayokaa sawasawa, hukaza kidogo kwanza, halafu hulegeza, mbele na nyuma, wala hawalazimishi upande mmoja.

Nati ikikataa, moto husaidia, kwa sababu nati iliyopashwa hutanuka na kuachia bolti. Lakini tangi la mafuta litolewe kwanza na kuwekwa mbali, na mafuta yasimwagwe juu ya chuma chenye moto.

Pistoni ikikwama, injekta au plagi hutolewa, mazutu humiminwa ndani ya silinda na kuachwa siku kadhaa. Kisha gurudumu zito la mota hutikiswa kwa mkono, polepole. Ikizunguka, isiwashwe papo hapo: mazutu iliyobaki ndani ya silinda itolewe, na mafuta ya mota yabadilishwe, kwa kuwa mazutu imeteremka na kuchanganyika nayo.

Kuna watakaosema njaa haingoji siku 5. Ni kweli, na hakuna anayeweza kumlaumu mzazi anayeuza chuma ili watoto wale. Ni kweli pia kwamba mashini nyingine zimepasuka na hazina dawa. Lakini kuna tofauti kati ya kuuza kilichokufa na kuuza kilicholala. Fundi aitwe kabla ya mwenye mizani. Na mashini ya shirika la wakulima isiuzwe na mtu mmoja kabla wanachama wote hawajakaa na kukubaliana.

Wanaogawa mashini nao wana deni. Kuleta trekta ndogo, kupiga picha na wakaaji, kisha kuondoka bila spana, bila vipuri na bila kumfundisha kijana hata mmoja wa kijiji, ni kuleta chuma kikuukuu cha kesho. Kila mashini inayotolewa Fizi ingefaa ifuatane na sanduku la vyombo na mafunzo kwa vijana wawili au watatu, wasichana wakiwemo. Vijana hao ndio watabaki wakati magari ya mradi yameondoka.

Na kwa familia ambazo zinaweza kulazimika kuhama tena: wakati mwingine risasi haitoi nafasi, na uhai wa mtu ni mbele ya chuma chochote. Lakini zikiwepo dakika chache, grisi ipakwe kwenye nyuzi na sehemu zinazozunguka, mafuta kidogo yatiwe ndani ya silinda, mdomo wa ekzosi uzibwe kwa kitambaa, na mashini ifunikwe, ikae juu ya mbao, isiguse udongo. Atakayerudi, awe mwenyewe au mtoto wake, atakuta kazi ya siku 2 mahali pa hasara ya miaka.