KIMYA CHA RAIA SI RIDHAA



Tangu vita vilipozuka Burundi mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, neno moja limerudiwa mara nyingi hapa Kasulu na Kibondo juu ya jirani zetu: "Viongozi hao waliwataka wenyewe, na vita walivitaka wenyewe." Hukumu hiyo yafaa ipimwe kwa haki.

Tutazame mwaka 2015. Mwezi Mei, baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa, redio za watu binafsi zilishambuliwa na kunyamazishwa. Mwezi Julai Rais Pierre Nkurunziza alitangazwa mshindi kwa kura zipatazo 69 katika kila 100. Mwaka huo huo Warundi zaidi ya laki moja walivuka mpaka, wakapokewa Nyarugusu, na baadaye Nduta. Matokeo yalisema jambo moja. Miguu ya watu ilisema jingine.

Wala si Burundi peke yake. Urusi ilipoivamia Ukraina Februari 2022, kura za maoni zilionyesha kuwa Warusi walio wengi wanaunga mkono vita na Rais Putin. Lakini Machi mwaka huo ilipitishwa sheria ya kumfunga hata miaka 15 mtu atakayehesabiwa kuwa amesema uongo juu ya jeshi. Wapo waungao mkono kwa dhati, hatukatai. Ila nani atawatenganisha na wale wanaojibu kwa hofu?

Nasi tujichunguze. Mwenyekiti akiuliza mkutanoni, "Nani anapinga?", ni wangapi kati yetu huinua mkono? Hata umati uliomchagua Baraba mbele ya Pilato ulikuwa umechochewa na wakuu.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kwanza, tusimhukumu mkimbizi kwa maneno ya aliyemtawala. Pili, tukitaka kujua maoni yake juu ya vita, au juu ya kurudi kwao, tumsikilize faraghani, bila kuandika jina lake, wala mkubwa yeyote kusimama karibu. Tatu, katika jumuiya zetu ndogo ndogo mambo mazito yaamuliwe kwa kura ya siri.

Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alifundisha kuwa amani hujengwa juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru. Palipo na woga, ukweli na uhuru vimekwisha kuondoka. Na nyumba iliyobakiwa na nguzo mbili haikawii kuanguka.