Zizi Lisihukumiwe Bila Mkutano

Mji wa Mwanza umezidi kutambaa kuelekea mashariki, na Kisesa, iliyo yapata kilomita 20 kutoka mjini katika barabara iendayo Musoma, sasa ina wakazi wa aina mbili: wenye mifugo, na wenye kuondoka alfajiri kwenda kazini mjini. Hawa wa pili hulalamika kwamba majogoo, punda na ndama waliotengwa na mama zao hawawapi usingizi, na kwamba mabanda yamesogezwa hadi chini ya madirisha yao. Wale wa kwanza hujibu kwamba wao walikuwapo kabla ya madirisha hayo.

Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Mgonjwa anahitaji usingizi, na samadi iliyolundikwa mpakani humletea nzi jirani asiye na hata kifaranga. Lakini hatukubaliani hata kidogo na wale wanaotaka ipigwe marufuku ya jumla, mabanda yabomolewe, na mwenye mbuzi watatu atozwe faini sawa na mwenye ng'ombe sitini.

Hapo zamani kaya za Kisukuma zilitawanyika, kila moja na zizi lake ndani ya ua wa minyaa, na umbali wenyewe ndio uliokuwa sheria ya kelele. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikawasogeza watu pamoja, na mifugo ikasogea nao. Kisha wizi wa mifugo ukazidi, hata wananchi wa Usukuma na Unyamwezi wakaunda Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mfugaji aliyeonja wizi huo hawezi kulaza ng'ombe wake mahali asipoweza kuwasikia. Kelele ile ile inayomuudhi jirani ndiyo inayomjulisha mwenye mali kwamba mali yake ipo. Kwa hiyo kanuni yoyote itakayoamuru zizi lipelekwe mbali na nyumba, bila kusema nani atalilinda, itavunjwa usiku wa kwanza.

Wasomaji wetu wa visiwani huenda wakatucheka. Huko Ukara, kisiwa kisichofikia kilomita za mraba 100 na chenye watu wengi, kwa vizazi kadhaa ng'ombe wamefugwa bandani, hata ndani ya nyumba zenyewe, wakikatiwa majani. Samadi yao haikuachwa irundikane mpakani, maana ilikuwa mali ya kupelekwa shambani. Tungependa maofisa wa mifugo wa Wilaya ya Magu wavuke maji wakajifunze kwa Wakara.

Na wasidhani kwamba ugomvi huu ni wa washamba. Katika kisiwa cha Oléron, Ufaransa, majirani walimshitaki mwenye jogoo aitwaye Maurice. Mwaka 2019 mahakama ilimpa ushindi mwenye jogoo, na mwaka 2021 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kutambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa taifa. Hatusemi tufike huko. Harufu nyingine hazistahili heshima hiyo.

Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, baada ya kusikiliza maoni ya mkutano mkuu wa kijiji, na kwa idhini ya halmashauri ya wilaya. Amri iliyoandikwa ofisini na kubandikwa mtini si sheria ndogo. Tunashauri mkutano huo upime banda, si mnyama: liko hatua ngapi kutoka chumba cha kulala cha jirani, mlango wake umeelekea wapi, na samadi huondolewa lini. Mwenye banda la zamani apewe muda hadi baada ya mavuno. Naye aliyejenga nyumba mpya kando ya zizi la siku nyingi, akitaka lihamishwe, achangie miti na mabati.

Mkutano wenyewe uitwe Jumapili mchana, wafanyakazi wa mjini wakiwa nyumbani na ng'ombe wakiwa bado machungani.