Nambari zako zimelala wapi?

Mpenzi msomaji, juma hili nina mtihani mdogo kwa jamaa yako. Leo baada ya chakula cha mchana, kila mmoja aweke simu yake mezani kifudifudi, kisha aandike kwenye karatasi nambari za watu watano ambao angewapigia mtu akizidiwa na ugonjwa usiku wa manane. Asichungulie. Sina shaka wengi watakwama wakifika nambari ya pili.

Kabla ya simu za mkononi kuenea nchini katika miaka ya 2000, wazee wengi wa Kisii na Nyamira walikuwa na vijidaftari vya mfukoni. Humo waliandika sanduku la posta la mwana aliye Nairobi, na nambari ya simu ya shule au ya duka ambako ujumbe ungeachwa. Vijidaftari hivyo vilichakaa, lakini havikuishiwa na chaji.

Siku hizi tumeyatia yote katika kifaa kimoja. Mwekahazina wa chama, muuguzi wa kliniki, mwalimu wa darasa, mnunuzi wa ndizi, wote wamelala ndani ya simu. Kwa mchongaji wa Tabaka, ambaye vinyago vyake vya mawe hununuliwa hadi ng'ambo, orodha hiyo ndiyo duka lenyewe. Simu ikinyakuliwa katika msongamano wa soko la Daraja Mbili, au ikilowa mvua ukingojea matatu pale Keroka, kifaa utanunua kingine. Lakini watu wako utawapata wapi?

"Nitabadilisha laini tu," husema wengi. Ni kweli kwamba ukienda na kitambulisho utapewa kadi mpya yenye nambari yako ile ile, na pesa zako za M-Pesa utazikuta. Majina yaliyokuwa kwenye kadi ya zamani, hata hivyo, hayahami. Kadi mpya huja tupu.

Basi jambo la kwanza ni kujua majina yako yamehifadhiwa wapi. Mahali ni patatu. Pa kwanza ni kadi ya laini, ambayo aghalabu hubeba majina yapatayo 250, jina na nambari basi. Pa pili ni kumbukumbu ya simu yenyewe, ambayo hupotea pamoja na simu. Pa tatu ni akaunti ya mtandaoni: ya Google kwa simu nyingi za Android, au iCloud kwa wenye iPhone. Unapoongeza jina jipya, tazama kwa makini simu inapoonyesha litahifadhiwa wapi, kisha uchague akaunti. Yale ya zamani, ingia katika mipangilio ya orodha ya majina uyahamishe kutoka kwenye laini.

Ukishafanya hivyo, washa usawazishaji. Maana yake ni kwamba jina uliloliandika kwenye simu asubuhi utaliona pia kwenye tarakilishi jioni, mradi vyote viwili vimefunguliwa kwa akaunti hiyo moja na vina mtandao. Ukinunua simu mpya, unaingia katika akaunti yako na majina yanarudi yenyewe.

Hapa ndipo wengi huteleza, msomaji wangu. Kusawazisha si kuweka akiba. Usawazishaji ni kama kioo: ukinyoa nywele, na aliye kiooni amenyolewa. Mtoto akichezea simu na kufuta majina 100, yatafutika pia kwenye tarakilishi na kwenye akaunti. Google huyaweka yaliyofutwa kwenye tupio kwa siku 30, kisha yanapotea kabisa. Ukigundua mwezi wa pili, umechelewa.

Akiba ya kweli ni nakala iliyokaa kando, isiyofuata unachokifanya kwenye simu. Katika orodha yako ya majina kuna nafasi ya kuyatoa yote kama faili moja, ambayo jina lake huishia kwa vcf. Itoe, ujitumie kwa barua pepe, na nyingine uiweke kwenye flashi au tarakilishi ya nyumbani. Rudia kila baada ya miezi mitatu, tuseme kila shule zinapofungwa.

Kalenda nayo iweke kwenye akaunti vivyo hivyo. Tuseme jamaa wamepatana kuzungumza juu ya karo, na mna ndugu katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Wagusii wengi wamehamia. Kisii ikiwa saa tatu usiku, kule huwa saa sita mchana majira ya baridi, na saa saba mchana majira ya joto. Mkimwalika kupitia kalenda, simu yake itageuza saa yenyewe. Ila kalenda haijui kuhesabu saa kwa Kiswahili. Saa tatu usiku iandike 21:00. Ukiandika 3:00, itakulilia saa tisa usiku.

Nanyi wanafunzi, barua pepe ndiyo ufunguo wa nyumba nzima. HELB, eCitizen na iTax zote hutuma ujumbe huko. Anwani uliyopewa na chuo inaweza kufungwa ukishahitimu, kwa hivyo mambo ya maisha yako yaweke kwenye anwani yako mwenyewe. Ukitumia tarakilishi ya saiba mjini, hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini. Tangu mwishoni mwa 2023, Google inaweza kufuta akaunti ambayo haijatumiwa kwa miaka miwili, kwa hivyo ile ya zamani yenye picha na barua zako ifungue mara kwa mara.

Fauka ya hayo, kagua nambari ya simu uliyoiandikisha kwenye akaunti ili ikusaidie ukisahau neno la siri. Laini iliyoachwa muda mrefu huweza kufungwa na nambari yake kupewa mtu mwingine. Iwapo ndiyo uliyoiandikisha, ujumbe wa kukufungulia mlango utamfikia yeye. Google pia hutoa orodha ya namba 10 za dharura kwa waliowasha uthibitishaji wa hatua mbili. Ziandike kwenye karatasi uziweke palipo na vyeti vyako, wala si ndani ya simu hiyo hiyo.

Lakini nyanya aliye Nyansiongo au Ogembo, mwenye kabambe isiyojua mtandao, afanyeje? Dawa yake ni ile ya kale. Kijana, ukienda likizo, nunua daftari dogo, keti naye, mnakili majina yote yaliyo kwenye simu yake kwa herufi kubwa. Muulize kila mmoja ni nani, kwa sababu "Moraa" wako watatu na "Fundi" wako wanne. Nakala moja ibaki kwake na nyingine uondoke nayo. Siku simu yake ikizima na mtu kuugua, jirani ataweza kusoma daftari na kupiga.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kazi hii haimalizi saa moja, na leo ni Jumapili. Anza na ile karatasi ya mtihani: jaza nambari zilizokosekana, kisha ibandike jikoni.