Katibu Anapigiwa Saluti, Sekretari Anaitishwa Chai

Leo wacha niwakasirishe kidogo.

Mwambie msee wa Nairobi unasomea usekretari, atacheka. "Si hiyo ni ya kushika simu na kupika chai?" Lakini mwambie mjomba wako ameteuliwa Katibu kwa wizara, hapo hapo anaomba namba yake. Kwani tofauti ni gani? Katibu ni mwandishi. Sekretari, ukifuata neno hilo hadi Kilatini, ni mtunza siri.

Fungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 154. Kuna mtu anaitwa Katibu wa Baraza la Mawaziri. Kazi yake? Kupanga shughuli za Baraza, kuweka kumbukumbu za mikutano, kufikisha maamuzi kwa wanaohusika na kutekeleza maagizo. Huyo lazima Bunge limuidhinishe kwanza. Sasa soma hiyo orodha tena polepole. Si ndiyo kazi ya yule mama anayekaa nje ya mlango wa mkurugenzi?

Shida yetu ni kudhani mawasiliano ni Kizungu cha mapuani. Zii. Chukua mfano. Mkurugenzi yuko kwa mkutano wa bajeti. Ndani ya dakika kumi simu tatu zinaingia: muuzaji ambaye hajalipwa, mwandishi wa habari, na shule ya mtoto wa bosi ikisema mtoto ameugua. Nani anasubiri?

Sekretari anayejua kazi hababaiki. Ya shule inaingia mkutanoni saa hiyo hiyo, kwa kikaratasi chenye mistari miwili. Muuzaji hadanganywi eti "bosi hayuko" na gari la bosi analiona hapo nje. Anaambiwa: "Yuko mkutanoni hadi saa nane. Nipe namba ya invoisi, nitakupigia kabla ya saa kumi." Na anapigiwa kweli, hata kama jibu ni baya. Mwandishi hapewi hata neno moja la kunukuu. Anaombwa atume maswali kwa maandishi na aseme anayahitaji lini.

Halafu kuna kumbukumbu za mkutano. Ukiandika kila mtu alisema nini, umeandika hadithi. Kinachotakiwa ni: tumeamua nini, nani atafanya, mwisho ni lini. Acha jina la mtu tu, na hiyo kazi haitafanywa na yeyote.

Na ngumu kuliko zote ni kumwambia mkubwa ukweli bila kumwaibisha. "Bosi, hii barua umeiandika ukiwa na hasira. Niitume sasa ama tuisome tena kesho asubuhi?" Sentensi kama hiyo inaweza kuokoa kampuni kesi kortini. Bado mnasema ni kazi ya chai?

Najua kuna mtu anasema ChatGPT itamaliza hiyo kazi. Itakuandikia barua safi, sikatai. Lakini haijui kwamba bosi akinyamaza namna fulani amekataa, wala haitajua ni mgeni yupi amekaa hapo benchi tangu asubuhi kwa aibu ya kuuliza.

Nyinyi mabosi, acheni kumtambulisha kama "msichana wangu wa ofisi" halafu siku akichukua likizo hamjui hata mkutano uko wapi. Mkiweza kumwamini na siri zenu, mnaweza kumlipa kama mtu mwenye siri zenu.

Na wewe unayesomea hii kozi, usiinamishe kichwa ukiulizwa. Jifunze kusikiliza, kurudia namba kabla ya kukata simu, na kuuliza "unaitaka lini?"

Wengine wetu, siku ukienda ofisi kutafuta kazi ukampita huyo mama bila salamu kwa sababu unamtafuta mkubwa, ujue jina lako litaingia ndani kupitia mdomo wake.