Nyumba na Jamaa Zake: Mtu na Mkewe Waliofuata Mto Hata Baharini

Mwezi huu hatutaki kusema habari za watoto, ambao tumewasema sana katika ukurasa huu, bali habari za wazee wao. Maana wako walimu wengi kati yenu ambao karibu watatimiza miaka 60, ndio mwisho wa utumishi wa serikali kwa sheria yetu, ingawa mwenye kupenda aweza kuondoka akiwa na miaka 55. Siku ile mtu hupewa mkono wa buriani, na kiinua mgongo chake huingia benki, na kabla hakijapoa ndugu wamekwisha kukigawanya kwa maneno.

Hapa Dakawa yuko mwalimu mmoja aliyestaafu, pamoja na mkewe. Hatumtaji jina, maana hakututuma. Alipopata fedha zake aliezeka nyumba upya, akalipa deni la mbolea ya shamba la mpunga, na kwa fungu lililosalia akanunua gari kuukuu la Toyota Hiace lililochoka kupakia abiria. Akaondoa viti vya nyuma. Seremala akatia kitanda cha mbao, na chini ya kitanda masanduku ya vyombo, unga na mchele. Madirishani wakatundika mapazia na wavu wa mbu. Ubavuni wakafunga turubai la kukunjua, wapate kupika kivulini. Watu wakamwuliza atafanya biashara gani. Akajibu, "Hakuna biashara. Nataka kumpeleka mama watoto akaone bahari."

Jibu hilo liliamsha ghasia. Watoto wao wanne, wote watu wazima wenye kazi, walikuja wakafanya baraza. Wa kwanza alisema, "Baba, fedha hizi zingejenga vyumba vitatu vya kupangisha." Wa pili alisema ya kuwa mama ana ugonjwa wa shinikizo la damu, na porini hakuna daktari. Hayo si maneno ya upuuzi. Vyumba huleta kodi kila mwezi, na ugonjwa haubishi hodi. Lakini liko neno ambalo watoto hawakulitia katika hesabu yao, nalo mama mwenyewe alilisema baada ya kunyamaza muda mrefu: "Baba yenu amekwenda pwani mara nyingi, kwa semina na kwa kusahihisha mitihani. Mimi nilibaki na jembe na ninyi. Maji ya mto huu nimeyateka miaka 31, na yanakokwenda sijapaona."

Twataka kila mwalimu mwanamume ayasome maneno hayo mara mbili.

Wala si jambo geni duniani. Mwaka 1931, katika mji wa Isny huko Ujerumani, mtu mmoja jina lake Arist Dethleffs, aliyekuwa akisafiri sana kuuza mijeledi na glavu za viwanda vya kwao, alijenga nyumba ndogo ya magurudumu ya kuvutwa na gari. Sababu ni mwenzi wake Fridel, ambaye alikuwa mchoraji, naye hakupenda kuachwa nyumbani. Leo huko Ulaya na Marekani wazee wengi waliostaafu huzunguka katika magari ya namna hiyo, na wengine huyafanya kuwa makao yao kabisa. Hilo la mwisho hatulisifu, maana mtu asiye na mlango wa kubishwa, jirani atampata wapi? Lakini safari ya siku tisa ni jambo jingine.

Mto aliousema mama yule ni Wami. Twaupita kila siku darajani, katika njia kuu ya Morogoro na Dodoma, wala hatuuangalii. Maji yake hutoka katika milima ya Ukaguru na Nguru, hupita hapa kwetu na kumwagilia mpunga, kisha hukata nyika kwenda mashariki. (Waluguru wana mto wao, Ruvu, uingiao baharini karibu na Bagamoyo.) Basi wazee wale walishuka Morogoro, wakafika Chalinze, wakashika njia ya Segera, na mbele ya Msata wakakutana tena na mto wao. Daraja la zamani la hapo, la mwaka 1959, lilikuwa jembamba, magari mawili hayakuweza kupishana; jipya lilianza kupitisha magari mwaka 2022. Mwalimu alisimamisha gari mahali pa salama, na mkewe akatazama chini, akasema, "Kumbe umenitangulia."

Mandera waliiacha lami, wakaingia njia ya udongo iendayo Saadani, yapata kilomita 60. Njia hiyo wakati wa masika, Machi hata Mei, huwa tope la kunasa, kwa hiyo walikuwa wamengoja kiangazi. Saadani palifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na huko wanyama wa nyika hufika hata ufuoni. Viko viwanja vya kupiga kambi, na ada hulipwa. Mbung'o nao hawakosi, na hupenda sana nguo nyeusi na za buluu. Vaeni nguo za rangi ya mchanga. Waliona viboko mtoni karibu na mlango wa Wami, mahali maji ya udongo mwekundu yanapoingia katika maji ya chumvi na mikoko. Mama alichota kwa kiganja, akaonja, akatema.

Neno moja wavuvi waliwafundisha, nasi twawapasha ninyi wa bara. Usilaze gari mchangani kwa kuwa tu maji yako mbali. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu bahari huwa na bamvua, hupwa mbali sana, kisha baada ya saa sita hivi hujaa mpaka juu. Tazama mstari wa mwani mkavu, ulaze gari juu yake.

Siku ya tatu mama aliamka na kichwa kizito. Mwalimu alikuwa amechukua dawa za mwezi mzima, ijapokuwa safari ni ya siku tisa, na kipimo cha shinikizo kilichonunuliwa na binti yao. Kipimo kilionyesha juu. Mwalimu akawasha gari arudi, mke akakataa kupanda. Wakakaa kivulini kutwa, bila chumvi katika chakula, wakipima mara kwa mara. Hata jioni likashuka. Sisi tungalirudi, twasema wazi, na msomaji mwenye ugonjwa huo asimwige. Lakini tulipomwuliza mama alijibu ya kuwa nyumbani angaliumwa vilevile, tena mbele ya ukuta.

Baadaye walipita Mkwaja, wakavuka mto Pangani kwa pantoni kutoka Bweni, wakaona mji ambao Abushiri alinyongwa na Wajerumani Desemba 1889. Wakalala Tanga siku mbili, wakarudi kwa lami ya Segera. Mwalimu aliandika kila senti katika daftari. Mafuta ya gari yalikula zaidi ya chakula na ada pamoja. Daftari hilo aliwasomea watoto, na kijana wa kwanza hajakubali hata leo. Asema vyumba vingekuwa vimefika lenta.

Gari limesimama chini ya mwembe, godoro limeanikwa. Mama ataka Kilwa, masika yakiisha. Mwalimu asema dari linavuja, lizibwe kwanza.