Wazazi wa Chicago wanastahili bodi yao



Wanaotaka meya ashike shule za umma hudai kuwa mambo yakiharibika, wananchi watajua wa kumuuliza. Chicago imeonyesha vingine. Tangu 1995, meya ndiye aliyeteua bodi nzima ya shule. Mei 2013, chini ya meya Rahm Emanuel, bodi hiyo ilipitisha kufungwa kwa shule karibu 50 kwa mkupuo. Wengi wa wanafunzi walioguswa walikuwa weusi. Wazazi walilia mbele ya vipaza sauti kwamba watoto wangelazimika kukatiza maeneo ya magenge ili kufika shule mpya. Kura ikapita. Baadaye jiji likaweka watu wenye vizibao vya rangi kali, kona baada ya kona, kuwalinda watoto hao. Meya mwenyewe alirudi kwa wapigakura 2015, na kura ile moja ilibeba polisi, kodi na shule kwa pamoja. Mzazi amwajibishe vipi kwa hiyo?

Utaratibu huo ulianza kubadilika Novemba 2024, wakazi walipochagua wajumbe 10 wa bodi. Wengine 11 wakabaki wa kuteuliwa na meya hadi Januari 2027. Bodi iliyochaguliwa yote na wakazi itakapoingia, naisihi ikutane jioni, mitaani, wazazi wakiwa wametoka kazini.